Kompyuta mbili nyumba moja, intaneti iko kote, lakini folda ya chini haionekani juu (Lamu)

BintMkomani:
Assalam alaykum jamaa, naombeni msaada maana kichwa kishaniuma. Kazi yangu ni kupiga na kukata video za harusi, hasa upande wa wanawake, kupamba na mambo yake. Niko hapa Amu, nyumba yetu ni ile ya zamani ya mawe, ya ghorofa. Chini iko kompyuta ya baba ina diski ya tera nne, Windows 11, ndo naweka video zote humo. Mimi nakaa juu na laptopu yangu, nayo Windows 11. Ninachotaka ni kidogo tu, folda moja ya chini niione juu nisiwe napanda na kushuka ngazi na diski mkononi.

Folda nishaishea. Juu nikifungua "Network" ni patupu, hakuna hata jina moja. Nikiandika jina la kompyuta ya chini mwenyewe inafikiria weee kisha inaniletea 0x80070035. Intaneti iko kote kote, YouTube inacheza juu na chini bila shida. Binamu yangu asema dawa ni kupiga Windows upya. Nisaidieni kabla hajapiga.

Abuu_Langoni:
Waalaykum salaam. Hio rahisi dada. Zima faiawoli yote (ule ulinzi wa mtandao wa Windows), enda kule kwa Windows Features uweke tiki SMB 1.0 (ile ya kushea faili), kisha zima ile password protected sharing, folda uipe Everyone full control. Mimi zangu zote ndo hivyo na kazi inaenda.

fundi_msana:
Waalaykum salaam dada. Maalim Abuu anisamehe lakini hayo yote uyaache kwanza, tutayarudia. Na binamu mwambie akae na fleshi yake.

Hio namba ya kosa 0x80070035 yasema laptopu yako imeita na haikupata njia ya kufika. Hujafika hata mlangoni kupiga hodi, sasa kubadilisha kufuli kutasaidia nini? Watu wengi wakiona folda haifunguki wanaanza na paswedi na ruhusa, wanageuza setingi mpaka hawakumbuki wamegeuza nini, na kumbe tatizo liko kwenye waya. Kwanza jua kama mashine zinafikiana. Halafu faiawoli. Halafu jina na paswedi. Ruhusa za folda mwisho kabisa. Ukiruka hapo katikati utazunguka tu.

Nijibu mawili. Kwenye kompyuta zote mbili fungua cmd (dirisha la kuandika amri) uandike `ipconfig`, mstari wa IPv4 (IP, anwani ya kompyuta kwenye mtandao) wasemaje chini na wasemaje juu? Na hio intaneti inafikaje juu, rauta ni moja au mbili? Nauliza kwa sababu nyumba za mawe nazijua, ukuta wa matumbawe na chokaa unene wake kama dhiraa nzima, waifai ya chini haipandi juu hivi hivi.

BintMkomani:
Chini 192.168.100.14, juu 192.168.0.103.
Rauta ndio ziko mbili. Ile iliyokuja na intaneti iko chini kwenye kidaka, na ya pili fundi alikuja akaiweka juu akapitisha waya kwenye kiwanda cha ndani (uani). Kwani hizo namba zina maana?

fundi_msana:
Maana yote iko hapo. Chini ni 192.168.100, juu ni 192.168.0. Hio nyumba moja ina mitandao miwili. Fundi wenu alichukua waya kutoka chini akauchomeka kwenye tundu la WAN la rauta ya juu, la kuingizia intaneti, lile ambalo huwa na rangi yake peke yake, kwa hivyo rauta ya juu imejiona ni bosi, inagawa IP zake yenyewe na kuwaficha wote walio nyuma yake. Intaneti inapita vizuri ndo maana hamkugundua kitu. Lakini ile orodha ya "Network" inategemea kompyuta kutangaza "mimi niko hapa" kwa wote walio kwenye mtandao ule ule, na tangazo halivuki rauta. Jina nalo hivyo hivyo, juu hakuna anayejua kompyuta ya chini inaitwaje.

Jaribu kitu. Uko juu, fungua File Explorer, kule kwenye anwani andika `\\192.168.100.14` halafu enta. Usiandike jina, andika namba. Nadhani itaitika. Halafu shuka chini ujaribu kuja juu kwa `\\192.168.0.103`, hio haitafika kabisa.

mama_wa_shela:
Nafatilia huu uzi, kwetu pia rauta mbili na printa haionekani 😩

BintMkomani:
WALAI IMEITIKA. Kutoka juu imefika imeniuliza yuza na paswedi. Kutoka chini kuja juu hakuna kitu kama ulivosema. Umejuaje??

fundi_msana:
Si uganga 😂 ndo rauta zinavofanya kazi. Wewe uliye juu ukitoka, rauta yako inakuvalisha IP yake ya upande wa chini, kwa hivyo kompyuta ya baba inaona mgeni wa 192.168.100 na inamjibu. Wa chini akitaka kuja 192.168.0 rauta ya chini haijui huko ni wapi, inamtupa kwa intaneti na anapotea.

Ungeweza kuishi hivyo hivyo, lakini mimi nasema tengeneza. Kesho utataka kuprinti, au baba atataka kitu kiko kwa laptopu yako, mtarudi pale pale.

Chukua waya mfupi, unganisha laptopu na rauta ya juu moja kwa moja, usifanye hii kazi kwa waifai maana itakukatikia katikati. Ingia kwenye setingi za rauta ya juu. Rauta nyingi za siku hizi zina mahali pameandikwa "Operation Mode", chagua "Access Point", itajiwasha upya, waya uache ulipo, imekwisha. Kama ni ya zamani haina hio, basi kwanza ibadilishe IP yake yenyewe iwe 192.168.100.2 (hakikisha hakuna mwingine ana hio namba), halafu uzime DHCP (ile kazi ya kugawa IP), halafu ndo uutoe ule waya wa kutoka chini kwenye WAN uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Fuata utaratibu huo huo. Ukiuchomeka LAN na DHCP bado inawaka, mtakuwa na rauta mbili zinagawa IP nyumba moja, huyu apewa hapa na yule kule, na intaneti itakuwa inakuja na kwenda mpaka mlaumu kampuni bure.

Jina la waifai na paswedi uweke sawa juu na chini, simu zitahama zenyewe mtu akipanda ngazi.

KakaBarani:
Niongeze hapo fundi. Mimi niko Malindi, kwetu IP zote zilianza sawa 192.168.1 na bado hazionani hata kidogo. Kumbe laptopu ya mdogo wangu ilikuwa imeshika waifai ya wageni, ile "Guest". Rauta nyingi waifai ya wageni imewekwa ili mtu apate intaneti tu, wenzake haruhusiwi kuwaona. Kwenye rauta nyingine hio setingi inaitwa "AP isolation" ama "client isolation" na inaweza kuwa imewashwa hata kwa waifai ya kawaida. Na VPN pia (programu ya kupitisha intaneti yako kwa seva ya mbali), kama mtu amewasha VPN kwenye laptopu azime ajaribu, nyingine zinakata kila kitu cha ndani ya nyumba.

fundi_msana:
Kweli kabisa kaka. Na kuna ile ya mtu akiangalia IP anakuta 169.254 kitu kitu, huyo hajapewa IP na rauta, kompyuta imejipa yenyewe. Hapo usiguse folda, tafuta kwanza kwa nini haikupewa, mara nyingi ni waya.

BintMkomani:
Nimefanya, Access Point ilikuwepo. Sasa juu nina 192.168.100.21. Lakini nikifungua Network bado patupu, na inaniambia network discovery imezimwa?

fundi_msana:
Tulia hio ndogo. Windows 11 ikikutana na mtandao mgeni inauchukulia ni wa hadharani, "Public", kama uko hotelini, inajificha. Na hata kama zamani uliuweka sawa, ukibadilisha rauta mara nyingi inaona ni mtandao mpya. Enda Settings, Network & internet, bonyeza huo mtandao ulioshika, chagua "Private network". Fanya juu na chini. Halafu kwenye "Advanced sharing settings" upande wa Private washa network discovery na file and printer sharing. Faiawoli itajifungua yenyewe pale panapotakiwa, kwa mtandao wa nyumbani tu, na ukienda na laptopu mkahawani itafunga. Ndo sababu simpendi mtu anayeniambia zima faiawoli. Akizima yote nyumbani amezima kila mahali.

Ukitaka kujua kama mlango uko wazi usitumie ping (amri ya kuita kompyuta nyingine) peke yake, Windows yaweza kunyamazia ping na iko hai. Fungua PowerShell juu uandike

`Test-NetConnection 192.168.100.14 -Port 445`

mwisho ikikwambia TcpTestSucceeded True, njia iko na mlango uko wazi. Tundu namba 445 ndo kazi yote ya kushea faili za Windows inapitia hapo. Ikiwa False na mtandao ni Private, angalia antivirasi, kuna zile za kulipia zinakuja na faiawoli yao wenyewe.

Orodha ya Network kutokea inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ikikataa kabisa kuna huduma mbili, Function Discovery Provider Host na Function Discovery Resource Publication, ziwashe kwenye services.msc. Lakini kusema kweli mimi ile orodha siitegemei. Naandika `\\` na jina, ikifunguka nabonyeza kulia nai-map, yaani naipa herufi iwe kama diski Z, basi.

BintMkomani:
True! Na jina limetokea. Sasa imekwama kwa paswedi. Natia namba zile za kufungulia kompyuta ya baba inasema si sahihi, nimejaribu na zangu pia. Naandika sawa sawa.

Abuu_Langoni:
Si nilisema mapema, zima password protected sharing mambo yaishe. Paswedi ya nini nyumbani kwako.

mama_wa_shela:
Kaka Abuu subiri kidogo. Dada kasema anapiga video za kupamba. Hizo ni za wanawake vichwa wazi wamejipamba, simu hata ukumbini haziruhusiwi, mwenye harusi amemuamini huyu binti peke yake. Na nyumba ngapi hapa mjini zinapangisha chumba cha juu kwa wageni na wageni wanapewa paswedi ya waifai siku ya kwanza? Folda ikiwa wazi kwa Everyone bila paswedi mgeni yeyote akifungua laptopu yake anaona binti za watu. Hapana jamani.

BintMkomani:
Kweli mama, na sisi darini tunapangisha wageni. Hio sikuifikiria, nilikuwa nataka tu ifunguke. Paswedi ibaki.

fundi_msana:
Mama kamaliza, sina la kuongeza hapo. Ila Abuu kuhusu SMB1 nikwambie, hio ni lugha ya zamani ya kushea faili na ndo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilifunga mafaili ya watu dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikasimamisha kazi. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka huo huo, wengi hawakuweka. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka huo huo mwishoni, SMB1 haiji tena yenyewe. Wewe unairudisha kwa mkono! Na kompyuta za dada ni Windows 11 zote, zinaongea SMB ya 3, hiyo tiki haiwasaidii chochote.

Dada rudi kwako. Zile namba ni PIN. PIN inafungua kompyuta ukiwa umekaa mbele yake tu, haivuki mtandao. Anayeingia kwa mtandao anatakiwa kutoa paswedi yenyewe ya akaunti, na kama baba anatumia akaunti ya Microsoft basi ni imeili yake na paswedi ya ile imeili, ambayo nakuhakikishia haikumbuki 😂. Na wale ambao kompyuta yao haina paswedi kabisa nao hukwama hapa hapa, Windows haimkubali mtu mwenye paswedi tupu aje kwa mtandao.

Njia ninayoipenda mimi ni kutengeneza yuza mwingine kwenye kompyuta ya chini, kazi yake ni folda tu. Chini fungua cmd kama admin uandike

`net user harusi * /add`

itakuuliza paswedi, iandike (haitaonekana ukiandika, usishtuke), rudia. Kisha juu ikikuuliza, kwenye yuza andika jina la kompyuta ya chini, mkwaju wa nyuma, harusi. Mfano `CHINI\harusi`. Tia alama ya kukumbuka. Baba hatasumbuliwa na akaunti yake na PIN yake.

BintMkomani:
Inaniambia sasa "multiple connections to a server by the same user using more than one user name not allowed"

fundi_msana:
Hio ni kosa lile namba 1219. Laptopu bado imeshikilia jina la kwanza ulilojaribu. Juu andika `net use * /delete` ukubali, na ufungue Credential Manager upande wa "Windows Credentials" ufute chochote chenye jina la kompyuta ya chini. Sainauti ingia tena. Mtu akikubadilishia paswedi siku nyingine na ikaanza kukataa ghafla, rudi hapa hapa kwa Credential Manager.

BintMkomani:
Nimeingiaaa 🎉🎉 naziona video zote. Lakini nikijaribu kusevu project ndani inakataa, access denied. Kusoma nasoma.

fundi_msana:
Sasa ndo tumefika kwa ruhusa. Folda ya Windows ina ruhusa mara mbili na watu husahau moja. Iko ya kushea, kwenye Sharing, Advanced Sharing, Permissions, na kawaida ukishea kwa njia hio hapo hutoka Everyone na kusoma peke yake. Na iko ya folda yenyewe kwenye diski, ile tab ya Security. Anayekuja kwa mtandao anapimwa na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndo inayoshinda. Kwa hivyo ondoa Everyone, muweke harusi, mpe Change. Halafu Security muongeze harusi umpe Modify. Full control ya nini, hahitaji.

Na shea hio folda ya kazi tu. Nimeona mtu ameshea diski C nzima.

BintMkomani:
Imesevu. Allah akujazie kheri fundi. Nimeongeza na folda ndogo ya printi ya baba.

...

BintMkomani:
Nimerudi 😅 stima ilikatika jana usiku, iliporudi leo folda haifunguki tena. Sijagusa kitu.

KakaBarani:
IP imebadilika hio. Stima ikirudi rauta inagawa upya na anayewahi anachukua. Kama uli-map kwa namba badala ya jina ndo mwisho. Ingia rauta ya chini, tafuta sehemu ya DHCP, kuna mahali pa kufunga IP kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kompyuta, "address reservation" ama "static DHCP". Funga ya chini iwe .14 daima. Ni bora kuliko kuiandika kwenye kompyuta yenyewe.

Na angalia kama kompyuta ya baba imelala. Kompyuta iliyolala haijibu, na hio ndo inawapotezea watu muda kuliko kitu chochote, wanageuza setingi na mashine imelala chini.

BintMkomani:
Yote mawili 😂 ilikuwa imelala na IP imekuwa .17. Nimeifunga, na nimemwambia baba asiiweke sleep mchana.

Swali la mwisho naahidi. Nikikopi faili kubwa inaenda 3 MB kwa sekunde. Video ya harusi moja ni giga thelathini mpaka nishikwe na usingizi.

fundi_msana:
Giga 30 kwa 3 MB ni karibu masaa matatu, pole. Laptopu iko kwa waifai? Na rauta ya juu hio waya wake kutoka chini umepigwa lini? Angalia kompyuta ya chini kwenye setingi za ethaneti imeandika kasi gani, 100 ama 1000.

BintMkomani:
Laptopu waifai. Chini ni waya, imeandika 100/100.

fundi_msana:
Hio 100 ni megabiti, kwa faili ni kama 11 mpaka 12 MB kwa sekunde, giga 30 ingekuwa dakika arubaini na tano hivi. Ingekuwa 1000 ungepata 110 na kitu kama diski inaweza, ni dakika tano. Sasa kinachofanya waya useme 100 badala ya 1000 mara nyingi ni hiki: kebo ya Cat5e ina nyaya nane ndani, gigabiti inazitaka zote nane, megabiti 100 inatumia nne tu. Fundi akikosea kubana kichwa, au akaamua kubana nne, au zile pini za shaba zikaliwa na hewa ya chumvi, na hapa Amu zinaliwa walai, basi inashuka yenyewe kimya kimya na kila mtu anaona intaneti iko sawa. Mwambie abane vichwa upya nane zote, na kipande kilichopita kiwandani kiangaliwe, kebo ya ndani ya nyumba ikipigwa na jua inapasuka ganda. Umbali si tatizo, kebo inakubali mpaka mita 100. Angalia pia matundu ya rauta zenyewe, rauta nyingi za bei nafuu ni 100 kila tundu, hapo ubane usibane.

Na wewe juu ukiwa unahamisha video chomeka waya. Waifai iache kwa simu. Kama huwezi, angalau shika ile ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na rauta, 2.4 inafika mbali lakini majirani wote wako humo.

mama_wa_shela:
Kwani asiweke tu zote Google Drive?

KakaBarani:
Mama giga thelathini zipande mpaka seva za ng'ambo kisha zirudi zishuke chumba cha juu? Bando litalia.

fundi_msana:
😂 Lakini mama una hoja upande mmoja. Folda ya kushea si bekapu. Diski ya baba ikifa harusi zote zimekwenda, na wewe ukifuta kitu kutoka juu kupitia mtandao hakiendi Recycle Bin, kimefutika. Nakala ya pili kwenye diski ya pembeni iliyochomolewa, lazima.

KakaBarani:
Fundi na mimi basi nisaidie. Nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya Linux) hapa Malindi nimeweka Samba, programu ya kushea faili na Windows, folda iko wazi kwa mgeni. Laptopu zote zilikuwa zinaingia mpaka mmoja alipoapdeti Windows 11 Pro kwenda toleo la 24H2, yeye peke yake haingii, inamwambia mambo ya organization na unauthenticated guest. Organization gani, ni laptopu ya nyumbani.

fundi_msana:
Maneno ni ya kiofisi lakini ni ya kila mtu. Kuanzia 24H2 Windows 11 Pro haikubali tena kuingia kama mgeni bila jina, na inataka kila mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi, na mgeni asiye na paswedi hawezi kutia sahihi. Home bado ni mpole ndo maana wengine wanaingia. Iko amri ya kulegeza lakini siipendi. Kwenye Pi fanya `sudo smbpasswd -a jina` (huyo yuza awepo kwenye Linux kwanza), kwenye smb.conf toa `guest ok`, weka `valid users = jina`, anzisha smbd upya. Na kama Pi haitokei kwenye orodha ya Network ya Windows weka wsdd (programu ya kuitangaza), Samba yenyewe haitangazi kwa ile njia ambayo Windows mpya inasikiliza.

KakaBarani:
Imekubali. Shukran.

mama_wa_shela:
Na mimi printa imetokea baada ya ile ya Access Point, mtoto kanisaidia. Laptopu yetu moja ni Windows 7 ya zamani, hio nayo itahitaji SMB1 anayosema kaka Abuu?

fundi_msana:
Hapana mama, Windows 7 inaongea SMB 2, inaingia bila tiki hio. XP ndo haina nyingine. Lakini Windows 7 Microsoft waliacha kuitengenezea viraka tangu Januari 2020, kwa hivyo isitumike kwa mambo ya benki na imeili.

BintMkomani:
Fundi amekuja kabana upya, nyaya nne zilikuwa hazijaguswa kabisa zimekunjwa nyuma. Sasa chini yasema 1000/1000 na kwa waya naona 80 mpaka 100. Harusi ya Ijumaa naikata moja kwa moja kutoka chini bila kukopi.

Abuu_Langoni:
Haya na mimi nimetoa ile tiki ya SMB1 na Everyone nimemtoa. Sasa TV ya sebuleni haioni folda ya filamu.

fundi_msana:
TV ya mwaka gani? Za zamani nyingi zinajua SMB1 tu, usiirudishe kwa ajili yake. Karibu zote zinasoma DLNA, ni njia nyingine kabisa ya kurushia TV video. Kwenye Windows tafuta "media streaming options", washa, ichague TV peke yake kwenye orodha, uiongeze folda ya filamu kwenye maktaba ya Videos. Kwa TV fungua ile app ya media ama USB, jina la kompyuta litatokea humo.

Abuu_Langoni:
Imetokea. Inacheza ila maandishi ya chini hayaonekani.

fundi_msana:
Faili la srt (la hayo maandishi) lipe jina sawa sawa na la filamu, folda moja. Ikikataa TV yenyewe ndo haijui, weka VLC kama ni ya Android.